Mkono Juu ya Kichwa

Jumatatu, 15 Aprili 2024

Barua imefika. Mwalimu mkuu kaniletea mwenyewe darasani, kaishika kwa mikono miwili kana kwamba itamwagika. "Shikamoo Mwalimu. Kuna hii." Huyu Noel nilimfundisha mimi kushika penseli mwaka 1994. Leo ni bosi wangu, na bado nikiingia ofisini ananyanyuka kwenye kiti.

Nikaisoma palepale, mbele ya watoto 131 wa darasa la kwanza waliokuwa wanapiga kelele za ba-be-bi-bo-bu. Kwamba tarehe 1 Julai natimiza miaka sitini. Kwamba utumishi wangu unakoma siku hiyo. Kwamba ninashukuriwa kwa miaka thelathini na miwili ya kulijenga taifa. Ni thelathini na sita! Minne wameila wao.

Na kamati ya kuniaga imeshaundwa. Wiki mbili zilizopita! Mpishi anajua, mlinzi anajua, wenye vioski wanajua. Niliyebaki ni mimi. Sherehe ni Ijumaa tarehe 31 Mei, siku ya kufunga shule. Noel kaniomba, kwa aibu kidogo, niwafundishe watoto wimbo wa kumuaga mwalimu anayestaafu. Maana mwalimu wa nyimbo ni mimi.

Nikamuuliza darasa la kwanza anachukua nani. Akasema wataliunganisha na la awali "kwa muda". Huo muda naujua. Tundu la paa la stoo nalo lilizibwa kwa muda, mwaka 2009.

Jumapili, 21 Aprili

Nimetoka misa nikapitiliza Buzebazeba kwa mama. Nimemkuta uani anachambua dagaa na kulisema ziwa. Maji yamepanda sana mwaka huu, huko ufukweni watu wamehama nyumba. Mama hashangai. Anasema maji haya ni yale yale.

Yapi, mama?

Yale yaliyokuja kabla yako, anasema. Yalipanda, yakashuka, akavuna mahindi mara mbili, ndipo akanizaa mimi.

Nikaweka kikombe chini. Mama hajui miaka, anajua maji na mahindi. Lakini maji yale mimi nayajua, wazee wote wa Ujiji wanayataja: sitini na nne. Mavuno mawili juu yake ni sitini na sita. Na kwenye vyeti vyangu vyote imeandikwa 1 Julai 1964.

"Mama, mbona shuleni waliandika sitini na nne?"

"Shule walikuandika kwa sikio, mwana wanje." Kwa Kiha chake, mwanangu.

Sikio! Nilikuwa nimesahau. Zamani hakuna aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa. Mtoto anapelekwa shule, mwalimu anamwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilifikia, una miaka saba, ingia darasani. Usipolifikia, rudi nyumbani ukakue. Mama anasema nilikuwa na mikono mirefu kama ya baba yangu, nikalishika sikio nikiwa na miaka mitano. Wakanihesabia saba, wakanipa na tarehe 1 Julai, kwa sababu ni katikati ya mwaka na haimuonei mtu.

Yaani nina hamsini na nane. Hamsini na nane! Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu barabarani mpaka mwenye bodaboda kageuka.

Jumanne, 23 Aprili

Nimemwambia Noel. Kafurahi kwa ajili yangu, kisha kakumbuka kitenge cha sherehe kimeshakatwa.

Nataka kuandika hapa kwa nini naitaka hiyo miaka miwili, maana mdomoni natoa sababu za kiofisi. Watoto hawa wako kwenye silabi. Mwezi wa saba ndipo zinaanza kugeuka maneno. Kila mwaka kuna wiki moja, mtoto anaamka anasoma "baba" bila kuambiwa, anashtuka mwenyewe. Nimekuwa nikiingoja wiki hiyo kwa miaka thelathini na sita. Sitaki kuikosa. Basi, nimesema.

Na nikistaafu, ile nyumba ya shule ninayokaa nitairudisha. Marehemu mume wangu kafia mle. Nikihamia kwa mama, tutakuwa vikongwe wawili tunachambua dagaa.

Alhamisi, 25 Aprili

Mjini, ofisi ya utumishi. Nimekaa kwenye benchi saa tatu nzima. Kijana wa kompyuta kanisikiliza vizuri sana, tena kaniita mama. Halafu kasema mfumo unasoma 1964.

Nikamwambia mama yangu anasoma 1966.

Akasema mfumo hauna sehemu ya kujaza mama.

Mwishowe kanihurumia. Nilete hati ya kiapo, na barua ya mtendaji wa kijiji nilipo ikithibitisha kwamba uandikishaji wa zamani ulikuwa wa kukisia. Hakuahidi kitu, ila kasema kuna mwalimu mmoja aliwahi kufanikiwa. Yuko wapi sasa? Alifariki. Nikamshukuru kwa kunitia moyo.

Jumatatu, 29 Aprili

Mtendaji wetu ni Leodgar, kijana wa Songea, ana mwaka wa pili hapa. Kiha hajui, kwa hiyo anaamini karatasi tu. Nilimweleza habari ya sikio, akadhani natania. Nikamwambia jaribu. Akajaribu palepale mezani, akalifikia bila shida. "Hongera," nikamwambia, "umri wa shule umefika."

Kacheka mpaka kafuta machozi. Ataiandika barua. Nirudi wiki ijayo.

Leo nimefundisha da-de-di-do-du kwa nguvu za ajabu. Miaka miwili, jamani! Nitawamaliza hawa, na wengine tena.

Jumamosi, 4 Mei

Kaja Joanitha. Wa Dismasi na Agnesi, hawa majirani wa kule kisimani. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo hayakukaa vizuri, anataka kurudia mtihani. Kaninawisha mikono bila kuombwa, kakaa. Nikajua kuna jambo.

Anaozeshwa. Mchumba ni Thobias, mwenye duka la vipuri Katubuka. Harusi ni Jumamosi tarehe 6 Julai. Kwa nini siku hiyo? Kwa sababu tarehe 1 Julai anatimiza miaka kumi na minane. Mtendaji kamwambia baba yake: bila ushahidi wa umri hakuna harusi kijijini kwangu. Na ushahidi uliopo ni rejista ya uandikishaji ya shule yetu, mwaka 2013.

Rejista yangu. Mwandiko wangu.

"Mwalimu, mimi nina kumi na sita. Wewe unajua."

Nikamwambia nani kasema najua. Akasema mama yake alimwambia zamani.

Nimemtayarishia chai. Sukari nilitia mara mbili, akainywa hivyo hivyo kwa adabu.

Jumapili, 5 Mei

Najua. Naandika hapa ambapo hakuna wa kusoma.

Januari 2013. Tulishaambiwa mambo ya sikio yamepitwa na wakati, tutumie kadi za kliniki, lakini nusu ya watoto hawakuwa na kadi, na mimi nilikuwa nimezoea. Joanitha alikuwa na miaka mitano. Kila siku anakuja na dada yake, anakaa nje ya darasa, anaitikia silabi kuliko walio ndani. Kitoto kina akili hivyo! Siku ya uandikishaji Agnesi kaniomba: mchukue, shambani ananisumbua. Nikamwambia ashike sikio. Hakufika. Vidole viliishia hapa, juu ya nywele.

Nikaweka mkono wangu kwenye shavu lake. Nikamwinamisha kichwa kidogo. Akafika.

Nikaandika: miaka saba, 1 Julai 2006. Nilijiona nimefanya wema, tena mkubwa. Jioni nilimsimulia mume wangu, akasema Mungu atanilipa.

Haya.

Jumanne, 7 Mei

Dismasi kaja asubuhi mapema na migebuka minne mibichi imefungwa kwenye majani. Kaamkia, kauliza afya ya mama, kauliza ziwa. Samaki wawili nimeshampa mpishi wa shule, wawili nimewatia kwenye mawese, ndipo anasema kilichomleta. Anataka nakala ya rejista, yenye mhuri wa shule, ya binti yake.

Nikamwambia Dismasi, mtoto yule ni mdogo. Yeye akasema: Mwalimu, mdogo gani, umemwandika wewe. Thobias ni mtu mstaarabu, hanywi, ana nyumba ya bati. Wewe mwenyewe ungemkataa?

Nikasema sikio si kipimo.

Akaniangalia. Mtu mpole huyu, hata kuku hamfukuzi kwa kelele. "Nimesikia Mwalimu, hata wewe unadai sikio lilikudanganya. Sasa hilo sikio linadanganya watu wote, au wale tu unaowapenda?"

 Na samaki wake nilikuwa nimeshamla. Alikuwa mtamu, aibu yangu.

Alhamisi, 9 Mei

Kwa Leodgar. Barua yangu alikuwa ameiandika tayari, imepigwa na mhuri. Nikamwambia kwanza nina jambo la Joanitha. Nikamsimulia kwamba umri wake si sahihi, sikio si kipimo. Ile habari ya shavu sikuisema.

Akarudi nyuma kwenye kiti. Akasema: Mama, nisaidie kufikiri. Jumatatu ya wiki iliyopita umenieleza sikio linaongeza miaka miwili, na wewe unanufaika. Leo unaniambia limeongeza miwili tena kwa binti wa jirani. Nikipeleka barua mbili za sikio mwezi mmoja, zote chanzo chake ni wewe, wilayani wataniuliza kijiji hiki kina ugonjwa gani. Na Dismasi atasema mwalimu anamtumia mtoto wake kujitengenezea hoja. Atakuwa na haki.

"Ungekuwa huna faida nalo ningekuamini hapa hapa."

Hakunipa barua. Kaiweka kwenye droo. Nichague shauri moja, langu au la Joanitha, anasema, na niamue kabla ya tarehe 29, siku atakayowaita Dismasi na mkewe kumaliza shauri.

Kijana wa Songea! Nimemchukia njia nzima, na njia nzima sikuona alipokosea.

Ijumaa, 10 Mei

Leo sijaamua kitu. Nimefundisha wimbo wa kujiaga. Ubeti wa pili unasema "mama yetu pumzika". Watoto wanaimba "mama yetu pumzi kata". Nimewaacha, wana sababu.

Jumatatu, 13 Mei

Nimejishawishi tangu asubuhi. Thobias kweli hanywi. Wasichana wangapi wameolewa na kumi na sita na wako salama. Mimi mwenyewe niliolewa mdogo. (Uongo! Niliolewa na ishirini na nne. Kwa karatasi ishirini na sita.) Joanitha anaweza kusoma akiwa kwake, siku hizi wapo wanaosoma hivyo. Nikapanga maneno ya kumwambia, mazuri, ya kimwalimu.

Saa nne kaja mwenyewe darasani. Anajitolea siku hizi, ananisaidia na wale wa nyuma. Kakaa chini kwenye sakafu na kitoto cha Martini, kile kisichosema neno. Kidole kwenye daftari. Nusu saa nzima kidole hakikuondoka. Maneno yangu ya kimwalimu nikayameza.

Jumatano, 15 Mei

Nimemfuata Agnesi shambani. Palizi ya maharage. Nikamwambia wewe ndiye mama, sema siku uliyomzaa, basi, shauri limekwisha. Neno la mama ni zito kuliko rejista.

Akaendelea kupalilia. Akasema mume wake ameshawaambia ndugu zake wote. Akasema wakati ule wa kuandikisha aliyeomba ni yeye, kwa hiyo ana dhambi. Nikamwambia dhambi ni yangu, mkono ulikuwa wangu. Akasema, "Basi sema wewe, Mwalimu. Wewe hupigwi."

Kumbe yule mtu mpole asiyefukuza kuku!

Tumepalilia pamoja mpaka mwisho wa tuta. Mgongo unaniuma, wa miaka yoyote ile uliyo nayo.

Jumanne, 21 Mei

Nimemweleza Noel lile la shavu. Ni mtu wa kwanza baada ya marehemu.

Kafunga mlango wa ofisi. Kasema Mwalimu, hilo si kosa la sikio, hilo ni kughushi. Ukilisema mbele ya mtendaji litaandikwa. Likiandikwa litafika juu. Miaka miwili yako usahau, nani atamwamini mtu aliyekiri kubadili umri? Na wanaweza kukuchafulia hata huku kuondoka. Siku kumi kabla ya sherehe, Mwalimu! Mbuzi tumeshampata. Diwani amekubali kuja. Kwenye risala nimeandika "mfano wa uadilifu".

Nikamwambia afute.

Akasema imeshachapwa.

Tukacheka wote wawili, Mungu atusamehe. Halafu yeye akaacha kucheka, akaniuliza kwa sauti ndogo kama nina uhakika. Nikasema sina. Ni kweli, sina. Nina hofu. Nimekuwa "Mwalimu Selina" kwa watu hawa tangu nina miaka ishirini na miwili. Wananipisha njiani. Wananiletea watoto wao bila kuniuliza chochote.

Jumatatu, 27 Mei

Mazoezi ya sherehe. Nimesimama mbele nawaongoza watoto 131 kuniaga, kisha nakimbilia kiti cha mgeni rasmi wanifanyie majaribio ya kunivisha kitenge, kisha nakimbilia mbele tena. Mwalimu wa zamu kasema siku yenyewe nitachoka. Nikasema siku yenyewe nitakuwa mstaafu, nitakuwa na muda wa kuchoka.

Kitoto cha Martini kimesoma "kaka". Mara mbili. Joanitha kakibeba mabegani kuzunguka uwanja.

Jumatano, 29 Mei

Ofisini kwa mtendaji, kwenye benchi la ndani. Naandika kwa kalamu nyekundu, mkobani sina nyingine, ni za kusahihishia. Leodgar katoka nje kupokea simu ya wilayani. Mbele yangu wamekaa Dismasi na Agnesi. Wanadhani naandika mambo ya shauri.

Ilikwenda hivi. Leodgar kafungua rejista mezani. Kamuuliza Dismasi, kasema yote yako hapo. Kamuuliza Agnesi, kaangalia sakafu. Kaniuliza mimi: huu ni mwandiko wako? Ndiyo. Na umri huu uliupata kwa sikio? Nikaona ananitega kwa wema, nijibu ndiyo, turudi kule kule.

Nikasema: hapana. Sikio lilikuwa sahihi. Mtoto hakulifikia. Mimi nilimwinamisha kichwa kwa mkono wangu hadi akafika, halafu nikaandika saba nikijua ana mitano. Sikio halikudanganya, nilidanganya mimi.

 Nje mtu alikuwa anafunga baiskeli, tukasikia mnyororo wote.

Dismasi kawa wa kwanza. Kasema ni hila. Mwalimu anatafuta miaka yake miwili, kaona mlango huu umefungwa anapitia dirishani. Leodgar kasema hapana mzee, kwa maneno haya Mwalimu hapati kitu, anapoteza. Kageukia kwangu: Mama, unaelewa ulichosema? Nikasema nimefundisha ufahamu miaka mingi.

Hakucheka. Kavuta droo, katoa ile barua yangu yenye mhuri, kaiweka juu ya meza, karibu na rejista. Hakuichana. Kaiacha tu hapo. Kisha kanipa karatasi ya maelezo na kalamu ya bluu. Andika uliyoyasema, kwa mkono wako, juu ujaze taarifa zako. Shahidi mmoja atie sahihi chini. Nikirudi nipokee.

Nimeyaandika. Mistari saba, mwandiko mzuri kuliko wa barua yao. "Nilimwinamisha kichwa" inaonekana jambo dogo likiwa kwenye karatasi. Kisha nikarudi juu. Jina: nimejaza. Kazi: Mwalimu. Kijiji: nimejaza. Dini: nimejaza. Imebaki sehemu moja.

Umri.

Nikiandika 58, ndio ukweli wa mama yangu. Na Dismasi atanyanyuka na karatasi hii mpaka wilayani: mnaona, hata akiungama anadai miaka yake! Na atakuwa ameshinda. Nikiandika 60, nimetia sahihi mwenyewe kwamba wiki ile ya "baba" nitaisikia kwa wengine. Tena nitakuwa nimedanganya umri kwenye karatasi ya kukiri kudanganya umri. Thelathini na sita kazini, na bado sijaacha.

Barua ipo pale mezani. Ningeweza kuifikia bila kunyanyuka.

Dismasi kaona nimekwama. Shingo yake ni ndefu leo, anasoma kichwa chini miguu juu.

Nimeandika 6. Na hapo hapo wino umekata. Natikisa, napuliza, nachora duara pembeni, wapi! Kalamu ya serikali. Nyekundu hairuhusiwi kwenye karatasi hii, imeandikwa chini kabisa.

Leodgar anaaga huko nje, nasikia.

Agnesi kafungua fundo la kanga. Kanyoosha mkono kupita magoti ya mume wake na kunipa kalamu, ya bluu, mpya, bado ina kifuniko. Kaja nayo kutoka nyumbani. Dismasi anamwangalia mkewe, na yeye Agnesi anaangalia ule mstari wa chini, wa shahidi.